Nazi, Kopo na Kazi ya Jikoni

Wali wa nazi, kabla haujawa wali, ni kazi ya mikono ambayo aliyeketi mkekani akingoja sinia haioni. Nazi huchaguliwa kwa kutikiswa karibu na sikio, ili maji yake yasikike yakicheza ndani, kwa kuwa nazi iliyokauka maji aghalabu imeanza kuharibika; huvunjwa kwa mgongo wa panga, kwa mapigo mafupi yanayoizunguka kiunoni; kisha mwanamke, kwa maana kazi hii tangu zama imeachiwa wanawake, huketi juu ya mbuzi, akashika nusu ya nazi kwa viganja viwili, akaizungusha kwenye meno ya chuma, akikuna kwa hadhari asifike kwenye ile ngozi ya kahawia iliyogusana na kifuu, kwani ngozi hiyo hulitia tui weusi. Nazi iliyokunwa hutiwa maji ya vuguvugu, ikafikichwa, ikatiwa katika kifumbu na kukamuliwa. Tui la kwanza, lililo zito, ambalo wazee wa pwani huliita kasimile, huwekwa kando. Chicha hutiwa maji tena, mara ya pili na pengine ya tatu, na hilo tui jepesi ndilo linaloivisha mchele au mchuzi. Kasimile hungoja mwisho, hutiwa moto ukiwa umepunguzwa na mwiko ukiwa hautulii, tui lisije likakatika na mafuta yakaelea peke yake.

Kazi hiyo, ukiondoa kile kitendo cha mwisho, hutangulia kuwashwa kwa moto, na nyumba yenye watu wengi haitosheki na nazi moja. Basi katika duka lililo kwenye pembe ya mtaa limewekwa kopo lenye tui tayari, na kando yake pakiti ya unga wa nazi usiotaka ila maji ya moto. Na mwanamke aliyeshuka kwenye daladala saa kumi na mbili za jioni, ambaye watoto wake wamekwisha rudi kutoka shule na wana njaa, hunyoosha mkono akalitwaa kopo. Wapo wanaomwita mvivu. Hukumu hiyo ni dhuluma, kwa sababu anayeitoa aghalabu hajapata kuketi juu ya mbuzi, na kwa sababu haiulizi swali lenye maana, ambalo ni hili: kazi iliyoondolewa ni ipi, aliyeiondoa ni nani, na je, pamoja na kazi hiyo hakuondoa kitu kingine ambacho mnunuzi hakuwa radhi kukipoteza?

Ni vema kujua kwanza kwamba vyakula vya upesi havikuzaliwa katika anasa, bali katika dhiki. Ufundi wa kuhifadhi chakula chomboni ulitafutwa na serikali ya Ufaransa kwa ajili ya askari na mabaharia wake, nayo ikamtunza Nicolas Appert faranga 12,000 mwaka 1810 kwa kuonyesha kuwa nyama, mboga na matunda, vikitiwa katika chupa, vikazibwa barabara na kuchemshwa humo humo, hudumu miezi bila kuoza. Naye aliyekuja kuwafahamisha walimwengu sababu ya jambo hilo, Louis Pasteur, wakati huo alikuwa hajazaliwa. Lakini kisa kinachotuhusu zaidi ni cha Uswisi. Katika miaka ya 1880 viwanda vya nchi ile vilikuwa vimekwisha kuwatoa wanawake majumbani kwa maelfu. Mwanamke aliyesimama mbele ya mashine mchana kutwa hakuwa na saa ya kuchemsha kunde, na jamaa zake walikula kilichopatikana, viazi na kahawa hafifu, na pombe kali ya kuwasahaulisha. Fridolin Schuler, tabibu aliyekuwa mkaguzi wa viwanda, aliyaona madhara hayo katika miili ya wafanyakazi, akahimiza mbele ya jumuiya ya hisani ya nchi yake kwamba watu hao wapatiwe chakula cha jamii ya kunde, chenye kujenga mwili, cha bei ndogo na chepesi kuiva. Aliyeitikia wito huo ni Julius Maggi, mwenye kinu cha kusaga nafaka huko Kemptthal. Akajaribu na kujaribu tena kusaga njegere na maharage yawe unga usiochelewa kuiva, na mwaka 1886 akatoa supu kavu ambazo hazikutaka ila maji na muda mfupi juu ya moto.

Kile kipande cha mraba cha kutia ladha mchuzini, ambacho leo hakikosekani katika majiko ya Afrika kuanzia Dakar hata Dar es Salaam, kilikuja baadaye, mwaka 1908. Na mwaka huo huo huko Tokyo mwanakemia Kikunae Ikeda alifaulu kutenga katika mwani uitwao kombu ile glutameti inayoupa mchuzi ladha ya nyama hata pasipo nyama. Itazame safari ya jambo lenyewe. Lilianza na kunde za kumlisha mwanamke wa kiwandani, likaishia katika kipande ambacho sehemu yake kubwa ni chumvi. Shibe iliachwa njiani, ikabaki ladha. Sijui kisa kingine kinachoeleza kwa ufupi zaidi namna urahisi unavyoweza kuanza kwa nia njema ya kuondoa mashaka, kisha kidogo kidogo ukaondoa na chakula chenyewe.

Tambi za pakiti nazo zina asili ya njaa. Momofuku Ando alizivumbua katika kibanda kilichokuwa nyuma ya nyumba yake katika jimbo la Osaka, akiwakumbuka watu waliopanga foleni kwenye baridi baada ya vita ili wapate bakuli la tambi za moto, na akazitoa sokoni tarehe 25 Agosti 1958. Siri yake ni ya kupendeza: tambi zilizokwisha iva hukaangwa katika mafuta, maji yaliyomo yakatoka kwa ghafla yakiacha vitundu vidogo vidogo, na vitundu hivyo ndivyo vinavyonywa maji ya moto dakika chache kabla ya kula. Zilipotoka zilikuwa ghali kuliko tambi mbichi. Leo, katika vyumba vya wanafunzi wa vyuo vikuu vya Nairobi na Dodoma, ni chakula cha mtu ambaye mfukoni hana kitu.

Kwa hiyo asidhani mtu kwamba sisi tulikuwa tukipika kila kitu majumbani mwetu, hata zikaja pakiti zikatuharibu. Miji ya pwani ni miji ya tijara, na mji wa tijara una wageni, mabaharia, makuli na waseja, ambao wote hula kwa wanaouza. Huko Mombasa mahamri na mbaazi za nazi za asubuhi hununuliwa na nyumba nyingi kwa jirani aliyeamka kabla ya adhana ya alfajiri akavipika, na mnunuzi haoni haya, wala hapana aliyemlaumu. Unguja ina urojo wake wa jioni. Dar es Salaam isingefanya kazi hata siku moja bila ya mama lishe, ambaye mafundi na vibarua wa mji mzima hula kwake mchana. Nairobi, mama mboga, kisu kikali mkononi, huyakunja majani ya sukuma wiki yakawa fundo moja, akayakata membamba mno mbele ya macho yako, huku mkiulizana habari za watoto. Na si mbali naye yuko mwingine mwenye sufuria kubwa ya githeri ya mahindi na maharage iliyochemka tangu asubuhi, ambayo wewe huna haja ila kwenda kuiunga kwa kitunguu na nyanya. Hata nazi yenyewe imepata msaada, kwani katika masoko ya Mombasa na Dar es Salaam wako wenye mashine za kukuna, na mtu huichagua nazi yake, ikavunjwa, ikakunwa kwa kitambo kifupi mbele yake, akaenda nayo nyumbani ikiwa mbichi. Hivi vyote ni vyakula vya upesi. Tofauti yake na vya pakiti ndiyo ninayotaka kuieleza, na mfano ulio bora kuliko yote ni manda za sambusa.

Ramadhani inapokaribia, katika mitaa ya Mji wa Kale wa Mombasa, kama katika Unguja na Tanga, hujulikana nani anauza manda, na watu hutuma watoto waagize mapema. Mwenye kufanya manda hukanda unga wa ngano kwa maji na chumvi mpaka ushikane, akaukata madonge yaliyo sawa, akasukuma kila donge likawa chapati ndogo. Juu ya moja hupaka mafuta na kunyunyiza unga, akaweka ya pili, akapaka na kunyunyiza tena, mpaka zikawa kadhaa. Kisha huzisukuma zote kwa pamoja zikawa duara moja pana, akiangalia kifimbo kisiegemee upande mmoja, maana upande uliozidi wembamba utatoboka. Duara hilo hupitishwa juu ya chuma kilichopata moto kidogo, si kwa kuivishwa bali kwa kupigwa joto tu, na lingali na joto hubanduliwa tabaka baada ya tabaka. Hapo ndipo ufundi unapojulikana. Zilizopata moto mwingi hukakamaa zikavunjika wakati wa kukunjwa, na zilizopata haba hung'ang'aniana zikararuka. Zilizosalimika hukatwa vipande virefu, zikafunikwa kwa kitambaa chenye unyevu, zikahesabiwa kwa mnunuzi.

Mwanamke anayenunua manda hizo bado anapika sambusa. Nyama anaisaga au kuikatakata yeye, vitunguu ni vyake, kotmiri, ndimu na pilipili amezipima kwa ulimi wake mwenyewe, na watoto wake wataijua sambusa ya mama yao katika sahani ya watu. Kazi iliyoondolewa ni ile iliyo ndefu, yenye kuumiza mabega, na inayotaka mazoezi ya miaka. Kilichobaki ni hukumu ya ladha. Fauka ya hayo, ijara ya kazi hiyo imekwenda kwa jirani, ikamsaidia kununua nguo za watoto za Idi, na jirani huyo anajua kwamba manda zikiwa mbovu ataambiwa kesho uso kwa uso. Huu ndio urahisi ninaousifu bila ya kusita, na laiti wachumi wetu wangeuchunguza kwa makini kama wanavyovichunguza viwanda, maana ndani yake mna ajira ya wanawake wengi isiyoandikwa katika daftari lolote.

Pakiti ya unga wa mchuzi, kwa upande wake, huondoa kinyume cha hayo. Kitunguu bado utakimenya mwenyewe, nyanya utazikata, nyama utaichemsha, na moto utaupepea. Kazi ngumu yote imebaki kwako, na kilichochukuliwa ni ile hukumu, yaani kujua kiasi gani cha bizari, cha tangawizi, cha thomu na cha chumvi kinachoufaa mchuzi huu wa leo, wenye nyama hii na nyanya hizi. Tizama maandishi madogo yaliyo nyuma ya pakiti, ambapo sheria huwataka wenye viwanda waorodheshe vitu kwa kadiri ya wingi wake, kilicho kingi zaidi kikatangulia: utaikuta chumvi mwanzoni mwa orodha, pamoja na wanga, na viungo vyenyewe, ambavyo picha yake imepamba upande wa mbele, vimefuatia nyuma. Shirika la Afya Duniani limeshauri mtu mzima asifikie gramu 5 za chumvi kwa siku, nazo ni pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai. Mpishi atiaye kipande cha mraba, akaongeza unga wa pakiti, kisha akaonja na kutia chumvi kwa mazoea kama alivyofundishwa na bibi yake, ambaye hakuwa na kipande wala pakiti, huipita kadiri hiyo bila ya kujua; na maradhi ya shinikizo la damu, yasiyo na maumivu wala dalili kwa miaka mingi, hayamwambii kitu mpaka yamekwisha kuharibu moyo au figo.

Wataalamu nao wamejaribu kuutenga urahisi ulio salama na ule wenye madhara. Katika mwaka 2009 Carlos Monteiro wa Chuo Kikuu cha São Paulo, Brazili, alipendekeza kwamba vyakula visipangwe kwa sukari na mafuta yaliyomo peke yake, bali kwa kadiri vilivyofanyiwa kazi kabla ya kumfikia mlaji, na kutokana na fikira hiyo likapatikana pangilio la mafungu manne: vyakula vilivyo karibu na asili yake, vitu vya kupikia kama mafuta, sukari na chumvi, vyakula vilivyohifadhiwa kwa njia nyepesi, kama samaki wa kopo na mkate wa kawaida, na fungu la mwisho, lililo mbali kabisa na shamba, la vitu vilivyoundwa kiwandani kwa wanga, mafuta, rangi na manukato ambayo hapana jiko la nyumbani lililo nayo. Wengine wamelipinga pangilio hilo kwa kusema mipaka yake ina utata, na kweli katika baadhi ya vyakula utata upo. Lakini jaribio lililofanywa Marekani na Kevin Hall, wakati huo wa taasisi za taifa za afya, likatangazwa mwaka 2019, halisahauliki kwa wepesi. Watu wazima 20 walikaa ndani ya hospitali ya utafiti muda wa wiki nne. Wiki mbili walipewa vyakula vya fungu la mwisho, na wiki mbili vyakula vilivyopikwa kwa vitu vya asili, na sahani za pande zote mbili zilipangwa ziwe sawa kwa kalori, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, kila mtu akaruhusiwa kula kiasi apendacho. Walipokula vya kiwandani walikula haraka zaidi, wakazidisha takriban kalori 500 kila siku, na katika wiki mbili uzito wao ukapanda kwa karibu kilo moja. Walipokula vile vingine ulishuka kwa kiasi kama hicho hicho. Watu walikuwa wale wale, na njaa ilikuwa ile ile.

Kwa kipimo hicho, kopo la tui halistahili kulaaniwa. Mengi yana nazi na maji, na katika baadhi yake hutiwa gundi ya mbegu za guar ili mafuta yasijitenge, jambo ambalo tui lililokamuliwa nyumbani hulifanya lenyewe likiachwa limetulia. Tui la kopo limepashwa moto mkali ili lidumu, na moto huo umelipunguzia ile harufu ya ubichi ambayo mtu aliyelelewa Lamu au Pemba huitambua kabla hajakifunua chungu. Hasara hiyo ni ya kweli, na mwenye kuijali ana haki ya kuijali, lakini ni hasara ya ladha, si ya siha. Anayelifungua kopo siku ya kazi, akaikuna nazi siku ya mapumziko, hakumkosea mtu.

Iko bidhaa nyingine ambayo hatuihesabu kuwa ni chakula cha upesi, ilhali ndiyo kubwa kuliko zote, nayo ni sembe. Kutwanga mahindi kinuni kulikuwa kazi ya alfajiri na ya jioni, na hapana mwanamke aliyekuwa na mtwangio mkononi kila siku ya maisha yake ambaye atakubali kurudishwa huko. Mashine ya kusaga ilikuwa rehema. Lakini kiwanda hakikutosheka na kusaga. Kiliondoa ganda na kiini, kwa sababu kiini kina mafuta, na mafuta huchacha, na unga uliochacha haukai dukani. Ukabaki unga mweupe, laini, wenye kudumu, ambao watu waliufanya alama ya maendeleo, na pamoja na ganda na kiini ikatoka sehemu kubwa ya vitamini na madini yaliyokuwamo. Kenya ilipopitisha mwaka 2012 kanuni ya kuwalazimisha wenye viwanda kutia katika unga wa mahindi na wa ngano madini ya chuma na zinki pamoja na vitamini kadhaa, ilikuwa inarudisha kwa gharama baadhi ya vile vilivyotolewa kwa gharama. Mimi napendelea dona, yaani unga wa mahindi yasiyokobolewa, iliyosagwa kwenye mashine ya mtaani kwa mahindi uliyoyaona kwa macho yako, na nawashauri wenye watoto wadogo waipendelee.

Hapa lakini insafu hutaka neno liongezwe, maana wako wanaodhani kuwa kila kilichotengenezwa nyumbani ni salama. Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa katika wilaya za Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa sumu kuvu, na mahindi yaliyowaua hayakutoka katika kiwanda chochote cha mbali. Kwa sehemu kubwa yalikuwa mahindi ya mashamba yao wenyewe, yaliyovunwa na kuwekwa ghalani kabla hayajakauka barabara, yakaota ukungu. Kwa hiyo anayesaga dona na ayaanike mahindi yake mpaka yalie yakimwagwa, ayahifadhi mahali pakavu palipoinuka kutoka ardhini, na yaliyobadilika rangi asimpe mtu wala kuku.

Sasa tuje kwenye moto, kwa sababu watoa mawaidha ya kupika nyumbani mara nyingi huusahau. Maharage yasiyolowekwa huchukua saa nyingi juu ya jiko la mkaa, na mkaa ni fedha. Na anayeuhurumia mkaa akayaepua maharage mekundu kabla hayajachemka sawasawa hujiletea maumivu ya tumbo, kwa kuwa yana sumu ambayo haitoki ila kwa mchemko wa nguvu. Mpangaji wa chumba kimoja, anayepika ukumbini penye majiko ya wapangaji wengine, au aliye na jiko dogo la gesi analoliogopea kuisha kabla ya mshahara, hapimi siha peke yake anaposimama dukani. Anapima na moshi, na saa, na kiasi kilichobaki katika mtungi. Serikali ya Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa miaka kumi unaokusudia kuwafikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034, na kama utafaulu utafanya kwa chakula cha nyumbani zaidi ya hotuba elfu. Hata kabla ya hapo, kuloweka maharage usiku kucha na kuyamwaga maji yake hupunguza muda wa moto, na mwenye jokofu anaweza kuchemsha ya wiki nzima kwa mara moja, akayagawa katika vyombo vidogo akayagandisha; asiye na jokofu atafanya vema kununua yaliyochemshwa kwa yule mama mwenye sufuria kubwa, ambaye moto wake mmoja umetosha nyumba nyingi, na ambaye hakuyatia ila maji na pengine chumvi.

Hukumu ya ladha ndiyo ambayo ningependa isiondoke nyumbani, nayo kwa bahati njema haina gharama kubwa. Bizari nzima, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga, zikinunuliwa katika soko la Marikiti la Mombasa au la Darajani la Unguja zikiwa hazijasagwa, hukaa miezi mingi na harufu yake, kwa sababu mafuta yanayobeba harufu hiyo yamefungwa ndani ya mbegu na magome. Zikisagwa, mafuta hayo huanza kupotea hewani siku ile ile, na ndiyo maana unga wa pakiti uliokaa rafuni muda mrefu hauna budi kusaidiwa na chumvi. Kuzikaanga kidogo bila mafuta mpaka ziamke, na kuzitwanga kiasi cha kutosha pilau moja, ni kazi fupi kuliko kwenda dukani na kurudi. Thomu na tangawizi zilizopondwa kwa chumvi kidogo, zikafunikwa kwa mafuta ndani ya jokofu na kumalizwa katika siku chache, humpa mpishi wa jioni ule ule wepesi anaozawadiwa na kiwanda, nazo hazijapoteza ukali wake. Asizikawize tu, wala asiziache nje ya baridi, kwa sababu thomu iliyozamishwa mafutani ikakaa katika joto huweza kuzaa sumu iliyo hatari.

Imebaki kusema juu ya mikono yenyewe. Katika harusi za pwani, pilau na biriani ya mamia ya watu aghalabu hupikwa na wanaume waliokodiwa kwa kazi hiyo, ambao hupanga mafiga na kuni uwanjani, hukadiria mchele kwa magunia, hupalia makaa juu ya mifuniko ya masufuria makubwa, na huonja kwa utulivu wa watu wanaoijua kazi yao. Wageni huwasifu kwa majina, na mwenye harusi huwalipa kwa heshima. Wengi wao, warejeapo majumbani kwao, hawagusi mwiko, si kwa kutojua bali kwa desturi. Desturi hiyo ndiyo inayomfanya mwanamke aliyefanya kazi kutwa nzima ofisini au sokoni aanze jioni kazi ya pili peke yake, na ndiyo inayoyauza makopo na pakiti kuliko tangazo lolote la redioni. Muda unaokosekana kila jioni ungepatikana kwa sehemu kubwa ndani ya nyumba hiyo hiyo, kama mvulana angefundishwa kukuna nazi, kupepeta mchele na kuchagua maharage katika umri ule ule anaofundishwa dada yake.